Mvulana Aliyetupa Karatasi Baharini

Stockton, California
12 Aprili 2005

Kwa Bi. Constance Leong,
Mwandishi wa vitabu vya watoto.

YAH: MVULANA WA KITABU CHAKO KUHARIBU AMANI YA NYUMBA YANGU

Ndugu Mwandishi,

Salamu nimezihifadhi hadi mwisho wa barua, kwa sababu kwa sasa nina hasira na sitaki kuzichanganya. Mimi ni Jung Bing-kwong, mwenye duka mstaafu, umri miaka themanini na moja kwa mujibu wa serikali. Kitabu chako kiliingia kwangu bila hodi, ndani ya mkoba wa mjukuu wangu Corinne, mwenye miaka tisa, na tangu siku hiyo sijanywa chai kwa raha.

Unasimulia habari za mvulana aliyevuka bahari kutoka kijijini kwao Uchina mwaka 1936. Sheria ya Amerika ilikuwa imewafungia Wachina mlango, isipokuwa wachache, wakiwemo watoto wa waliokwisha kuwa raia. Basi wazazi wake wanamnunulia jina. Anakuwa mtoto wa karatasi wa mtu asiyemjua, anakariri habari za ukoo wa watu, kisha anafungiwa kisiwani pale karibu na San Francisco na kuhojiwa mpaka maafisa waridhike. Naomba ieleweke mapema kwamba mambo haya hayanihusu hata chembe. Naandika kama msomaji wa kawaida anayependa ukweli.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukurasa wa 31, mvulana anatupa karatasi ya majibu baharini, maafisa wasimkute nayo, siku moja kabla ya kufika. Nani alikwambia? Siku moja kabla, mtoto wa miaka kumi hajakariri hata nusu! Mtu mmoja ninayemfahamu sana aliishikilia mpaka meli ikaanza kupunguza mwendo, kisha akaila. Kurasa nne, wino na vyote. Tumbo lilimsumbua siku mbili, na daktari wa bandari akadhani ni bahari.

2. Ukurasa wa 58, mvulana amelala kitandani analia peke yake. La hasha! Tulikuwa wengi mno chumbani kwa mtu kulia peke yake. Ukianza wewe wanaanza wote, na wazee wanakurushia viatu. Nimeandika "tulikuwa", nilikusudia "walikuwa". Kalamu hii ni mbovu.

3. Maafisa wako wanauliza maswali kumi na mawili. Kumi na mawili! Bibi, hayo ni maswali ya kumpokea mgeni. Huyo mtu ninayemfahamu aliulizwa mia mbili na sita kwa siku tatu: nyumba ya tatu safu ya pili anakaa nani, kisima kiko upande gani, pipa la mchele linakaa wapi, na sakafu chini yake ni ya matofali au ya udongo. Alijibu yote, habari za nyumba ambayo hajawahi kuitia mguu. Ningependa juhudi yake iheshimiwe kidogo.

4. Kitabu chako kinasumbua hata marehemu. Wiki iliyopita tulikwenda kufagia makaburi kama kila Aprili, na kuku wetu wa kuchemsha, nyama ya nguruwe ya kuoka na kichupa cha wiski. Nikamwinamia Mzee Jung, baba yangu kwa mujibu wa serikali, mara tatu. Corinne akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Babu, huyu ni wetu kweli, au tunamlisha mtu baki?" Mke wangu Oi-lin alicheka mpaka akakalia kaburi la watu. Mzee Jung amekula kuku wetu miaka hamsini bila neno, na sioni kwa nini achokozwe leo.

5. Uliandika pia kwamba watoto wa karatasi walibadilishiwa umri. Corinne kapiga hesabu. Anadai sherehe yangu ya miaka themanini, meza kumi na mbili na samaki mzima kila meza, ilifanyika miaka miwili mapema, na anauliza itarudiwa lini. Shemeji zangu wameshaanza kuulizia tarehe.

6. Sasa lililo kubwa. Ijumaa hii shuleni kwao ni Siku ya Ukoo. Corinne atasimama mbele ya darasa aeleze babu yake alifikaje nchi hii na jina lake la kweli ni lipi. Kila jioni ameniwekea kiti sebuleni, penseli sikioni. "Babu, usinizungushe. Jina lako la kweli?" Nikamwambia jina langu liko kwenye kila bili ya umeme. Akajibu, "Bili si ukoo, Babu." Siku ya nne leo hanisemeshi. Ananiwekea uji mezani na kuondoka, na uji wa hivyo haupiti kooni.

Mwalimu wake ana mume, na mume huyo anavaa sare ya serikali. Oi-lin anasema ni tarishi wa posta. Sare ni sare! Miaka ya hamsini serikali ilituambia njooni mkiri majina ya kununua, hakuna atakayedhuriwa. Jirani yangu alikiri asubuhi, mchana wakamwendea kuuliza habari za binamu zake wote. Siku hiyo nilifunga duka nikajibanza nyuma ya magunia ya mchele, ingawa, kama nilivyosema, hayanihusu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nimenyamaza miaka sitini na tisa ili wanangu walale salama. Naogopa, Bibi. Nasema wazi kwamba naogopa. Oi-lin ananicheka: "We mzee, na magoti hayo watakurudisha wapi? Nani atakutaka?" Lakini yeye alizaliwa Fresno, hajui.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mvulana abadilishwe awe Mnorwei. Ikishindikana, kitabu kiondolewe katika shule zote za California kabla ya Ijumaa. Ikishindikana hilo pia, andika kingine ambamo familia ya Kichina inafika bandarini, inabisha hodi, inafunguliwa na kukaribishwa chai. Najua haikuwa hivyo. Lakini si ni kitabu cha watoto?

Sasa salamu. Nisalimie wazazi wako, mchapaji wako, na huyo aliyechora picha, maana meli kaipatia. Oi-lin anakusalimu pia, na anasema usinisikilize.

Ni mimi, mpenda ukweli,

Jung Bing-kwong

Nyongeza: Barua hii ililala mezani, na leo asubuhi Corinne kaikuta, akaisoma yote. Nikangoja anicheke. Hakunicheka. Aliketi kando yangu, mikono mitupu, akauliza, "Babu, mama yako alikuwa anakuitaje?"

Hakuna afisa aliyewahi kuniuliza hilo, kwa hiyo sikuwa na jibu la kukariri. Nikajikuta nimelitaja tu. Wanawe wawili wa mwanzo walikufa wachanga, basi mimi wa tatu akanipa jina baya ili mashetani wasinitamani. Aliniita hivyo mara ya mwisho mlangoni petu, ananifunga vifungo vya koti, na sikumwona tena.

Futa malalamiko yote. Mvulana abaki Mchina. Ijumaa nitakwenda shuleni mwenyewe, na suti nimeshaipiga pasi. Naomba nakala moja ya kitabu, ukitie sahihi. Usiandike Jung. Andika: "Kwa Mbwa Mdogo, mtoto wa akina Lau."