Kipande Changu Kirefu

Jumatatu, 3 Juni

Siku yangu imewadia. Meneja wa kiwanda chetu cha ngazi za alumini anatafuta mkuu wa chumba cha majaribio. Tuko wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazini wanamwita Rula. Keshokutwa wanakuja wanunuzi, na kila mmoja wetu ataweka kipande chake kwenye mashine ya kukandamiza. Meneja kasema wanunuzi waone kwa macho yao alumini yetu ilivyo ngumu. Shemeji kakata kipande kifupi, unaweza kukificha kiganjani. Aliyesimama nyuma atakionaje? Changu kina urefu wa mkono mzima, chembamba, nimekisugua mpaka najiona sura. Mke wangu keshamwambia mama mkwe nimepanda cheo. Sikumkatalia.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji kaniambia, kwa heshima zake zote, kwamba kipande kirefu na chembamba kitapinda kabla hakijapondeka, na hapo sipimi tena ugumu wa alumini. Ati urefu mara mbili ya unene unatosha. Wivu mtupu. Yeye mwenyewe mfupi, lazima atetee wafupi wenzake.

Jumatano, 5 Juni

Kilipinda. Tena kilipinda vizuri sana, kisha kikachomoka na kuangusha chupa ya chai mbele ya wanunuzi. Mmoja akauliza kama ngazi zetu nazo hufanya hivyo. Cha shemeji kikapondeka taratibu, kikatoa namba safi, akapigiwa makofi. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa muda mfupi tu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimebembeleza hadi meneja kanipa nafasi ya pili. Kama ufupi ndio fasheni, basi nimewakomesha: kipande bapa kama sarafu! Mashine ilikandamiza mpaka ikaishiwa nguvu, chenyewe kimetulia. Namba kubwa kuliko zote. Shemeji akasema ni ya uongo, kwa sababu sahani za mashine zimekibana juu na chini kisitanuke. Nikamjibu kwamba namba ni namba.

Ijumaa, 7 Juni

Cheo kapewa shemeji. Mimi msaidizi wake. Imeniuma, sifichi. Nyumbani nimesema nimekabidhiwa shemeji nimlee kikazi, na mke wangu kajivuna mpaka basi. Nikiwa mezani nikaligundua kosa la Jumatano: wanunuzi walisimama karibu mno. Wakirudi nitakata kipande kirefu zaidi, ili wasimame mbali.