Harusi ya Kunipeleka Chuo Kikuu

Ijumaa, 1 Septemba 1995
Nimechaguliwa Chuo Kikuu! Mimi, Pankras wa Mapera! Nimezunguka shamba la kahawa nikipiga kelele mpaka mama akadhani nimevamiwa na nyuki.
Tatizo dogo: siku hizi mwanafunzi anachangia gharama. Nauli, kujiandikisha, amana, vyote juu yangu. Chakula na malazi ni mkopo, nitalipa nikiajiriwa. Huo haunisumbui. Atalipa Pankras wa wakati huo, mtu mwenye gari. Baba amesema fedha ya kahawa ya mwaka huu imeshakuwa bati za paa.

Jumapili, 3 Septemba
Baada ya misa nimeomba mchango wa masomo. Nimepata mayai manne na baraka. Baba mdogo Damiano akasema kusomesha ni kazi ya serikali, ila siku nikioa atatoa mbuzi.
Mbuzi! Wengine wote wakaitikia kwamba na wao watatoa. Sijalala kwa furaha.

Jumanne, 5 Septemba
Nimemweleza Scholastica, binti wa Mzee Erasmo. Tutachumbiana, michango ikija nichukue, kisha tukosane kwa heshima. Akauliza fedha zitapatikana kiasi gani. Nikamtajia. Akakubali hapo hapo! Maskini, kumbe ananipenda.

Jumapili, 10 Septemba
Kamati imeundwa! Damiano mwenyekiti, mjomba Salvatory mweka hazina. Fedha zinamiminika. Ndugu wa Mbamba Bay wameleta kapu la mbasa, samaki wa ziwani, wakavu. Kwa barua yangu ya chuo hakuna aliyetoa hata dagaa.
Padre ametangaza ndoa yetu, tangazo la kwanza. Nusura nianguke kwenye benchi. Lakini matangazo ni matatu, muda upo.

Jumamosi, 16 Septemba
Nimemfuata mjomba anikabidhi fedha. Amecheka mpaka machozi. Tangu lini bwana harusi akashika michango? Mahari kwanza! Mshenga amezipeleka zote asubuhi kwa Mzee Erasmo. Mbuzi pia.
Nimekaa chini. Chuo changu!

Jumatatu, 18 Septemba
Scholastica ameondoka na basi la Songea. Anakwenda chuo cha ualimu! Kumbe naye alichaguliwa, akakwamishwa na ada, na sasa baba yake ameilipa yote kwa mahari. Amenishukuru kwa mikono miwili. Amesema ndoa tutaizungumza akimaliza, baada ya miaka miwili. Kijiji kizima kinanisifu kwa kumsomesha mchumba. Nimepunga mkono huku nalia, wakasema ni mapenzi.

Jumanne, 19 Septemba
Nimeamka na nguvu mpya! Nimeliona kosa: harusi ina wakwe. Msiba hauna wakwe! Rambirambi mfiwa anapewa mkononi, wala hakuna wa kuuliza.
Nimemwamkia babu Tarsisi, nikamwomba akajifiche kwa shangazi kule Tingi wiki moja tu. Amefikiri sana. Kisha akauliza kama pombe ya matanga itamfikia huko.
Itamfikia! Naibeba mwenyewe!