Nilivyonyimwa Haki ya Kukamatwa

Jumatano, 5 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wetu wa maigizo. Jumatatu unabomolewa. Meya anataka maegesho ya magari. Maegesho! Ukumbi ninamoigiza tangu nilipokuwa na nywele! Kweli bati linavuja, na pazia ni mashuka ya mke wangu, lakini hatuna mwingine. Nikasimama barabarani nikapaza sauti kwamba sanaa haitanyamaza. Mama mmoja akaniomba nimpishe, ana mzigo.

Jioni nimeandika mchezo. "Mlafi wa Majengo." Meya anakula mji mzima, jengo baada ya jengo, halafu anachokonoa meno kwa nguzo ya taa. Mkali! Wakiuona huu lazima wanikamate. Mke wangu akauliza nani ahangaike kukamata mtu ambaye hata mwenye duka hamkumbuki. Mwanamke huyu hana imani.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Muuza nyama wa sokoni, tunayemwita Bucha, ndiye Meya. Tumbo analo lake mwenyewe, hatukuhitaji mto. Majengo ni ya maboksi. Bucha analalamika kwamba hospitali ina ladha ya sabuni.

Mchana nimepeleka mwaliko ofisini kwa meya. Nimeandika kwa wino mwekundu kabisa kwamba mchezo unamsema yeye, tena vibaya. Katibu wake akasema mheshimiwa hana nafasi, ila ananitakia kila la heri. Kila la heri! Mimi, mpinzani!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata wazo. Kama hawaji kunikamata, nitajikamatisha mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi cherehani. Atashona sare mbili za polisi, moja yake, moja ya kinyozi jirani yake. Kesho katikati ya mchezo wataingia kwa kishindo, wanikunje shati, wanitoe nje. Watazamaji watapandwa na hasira, mji utachemka, na Jumatatu tingatinga litakuta umati mlangoni. Safi!

Shemeji akauliza yeye atasema maneno gani. Nikamwambia hana hata neno moja, yeye na sanaa ni mbalimbali, kazi yake ni kunishika tu. Akanuna. Akasema sawa shemeji, lakini basi sare atashona apendavyo yeye. Mke wangu akasema mpango huu unanuka aibu. Nikamjibu kwamba kila shujaa aliwahi kuwa na mke wa namna yake. Akacheka peke yake jikoni muda mrefu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimedhalilishwa.

Mchezo ulianza vizuri. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Bucha alipomaliza kumeza maktaba, wakaingia polisi wawili. Si shemeji, wala si kinyozi. Nikajua shemeji kaogopa, katafuta watu wengine bila kuniuliza. Tena waigizaji wabovu! Walitembea kama wanakwenda kununua kiberiti. Mmoja akaniomba kwa adabu nimfuate. Nikamnong'oneza anikunje shati, aweke ukatili kidogo. Akaniomba tena, kwa adabu ileile. Nikamwambia basi watoke, waingie upya. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Hata ndani ya gari niliendelea kuwafundisha kutoa sauti kutoka tumboni. Nilielewa kituoni tu, nilipomwona shemeji nyuma ya nondo na kinyozi kando yake analia.

Kumbe walipokuwa nje wakisubiri zamu yao, shemeji alichoka kukaa bure na sare mpya mwilini. Akaingia barabarani akaanza kuongoza magari. Akasimamisha gari jeusi, akamfokea aliyekaa nyuma, kwamba hapa si maegesho, hapa ni ukumbi, ageuze haraka. Aliyekaa nyuma ni meya.

Nikamnyooshea sajenti mikono yote miwili. Nikamwambia kichwa cha upinzani huu ni mimi, anifungie. Akasema nimeitwa kama ndugu wa mtuhumiwa, nilete nguo za kubadilisha. Nikamsimulia mchezo wote ili aone uzito wa kosa langu. Kwenye nguzo ya taa alicheka mpaka akafuta machozi. Akauliza kama kuna onyesho jingine, amlete mkewe. Nikagoma kuondoka. Akasema mzee, usinijazie benchi.

Jumapili, 9 Machi

Kituoni pamejaa watu wanaoimba. Wanamwimba nani? Shemeji! Mtu alimpiga picha akikamatwa, mdomo wazi, mkono juu, na sasa mji mzima unayo kwenye simu. Eti alikuwa anapigania ukumbi! Mimi ndiye niliyempelekea chai asubuhi, na kaniambia mwenyewe alikuwa anawasihi wasimchanie mkono wa sare. Nikajaribu kuueleza umati kwamba mtunzi ni mimi. Nikaambiwa mzee, acha wivu, mpe kijana heshima yake. Mke wangu yuko mbele kabisa, anaongoza nyimbo. Sauti hiyo, kwenye mazoezi yangu, alisema hana!

Jumatatu, 10 Machi

Tingatinga limekuja. Watu wameketi mlangoni, Bucha mbele kama ukuta. Dereva akazima injini, akaomba maji ya kunywa. Adhuhuri meya akatangaza kwamba hajawahi kutaka kubomoa ukumbi, huo ni uzushi, na maegesho yatajengwa nyuma ya ofisi yake. Shemeji na kinyozi wameachiwa.

Ukumbi umepona! Nililia, sioni haya kusema. Kisha wakambeba shemeji mabegani, na kiatu chake kikanipiga sikioni.

Jumanne, 11 Machi

Sherehe ukumbini. Meya kaja mwenyewe. Kasema sanaa ameipenda tangu utotoni, kapiga picha na shemeji. Nikasimama nimkemee mbele ya watu wote. Akanipa mkono, akauliza kama mimi ndiye ninayepanga viti. Viti!

Mke wangu anasema nilitaka ukumbi ubaki, umebaki, sasa nitulie, baba watoto. Nitulieje? Nimeshaanza mchezo mpya, unawachapa meya na fundi cherehani mmoja mwenye majivuno. Safari hii hawawezi kuniacha. Na wakiniacha, sitampa tena mtu mwingine kazi yangu. Nitavaa sare mwenyewe, nitaingia, nitajikunja shati, nitajitoa nje. Shemeji anasema nipite dukani kesho anipime kiuno.