Kila Kompyuta Iitwe Gitobu

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu karatasi imekufa.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo la Mamlaka ya Vibali vya Mifugo, Kanda ya Mlimani. Lilibandikwa mlangoni, ukutani, kwenye choo cha wageni na, kwa kuwa gundi ilibaki, kwenye gari la mtu aliyekuwa ameegesha hapo akaingia dukani kununua maziwa. Kuanzia siku hiyo hakuna ng'ombe, mbuzi wala kondoo ambaye angesafirishwa au kuchinjwa bila kibali cha kidijitali. Vitabu vya vibali vya zamani vilichomwa nyuma ya ofisi, Mkurugenzi akipigwa picha kumi na nne akiwa ameshika kiberiti. Watu walifurahi sana. Ni kweli kwamba sistimu mpya ilikuwa haijaanza kufanya kazi, lakini hilo lilikuwa jambo dogo la kiufundi, na mambo madogo ya kiufundi yalikuwa na mtu wake.

Mtu huyo aliitwa Asmaa, binti wa Suleiman mwenye bucha kule Majengo. Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu, kiti kisicho na mgongo kando ya birika la chai, na cheo cha Afisa Msaidizi wa Muda wa Upatanisho wa Majukwaa ya Kidijitali. Maana yake, ahakikishe programu moja inajengeka, yaani vipande vyake vinaungana, na kufanya kazi kwenye mashine za kila aina: kompyuta za Windows za makao makuu mjini Meru, za Ruiri na za Siakago kule Embu, zile za msaada zilizopelekwa Timau zikiwa na mfumo wa Linux, na simu za maafisa wa nyanjani. Jumla mashine kumi na moja.

Programu ilikubali kujengwa kwenye mashine moja tu, laptopu ya Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Gitobu. Naye Bwana Gitobu alikuwa ameondoka nayo kwenda semina ya siku tano juu ya kuwa karibu na wananchi.

Jumatatu hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, baba yake Asmaa alipiga simu.

"Asmaa mwanangu, ng'ombe zangu nane ziko Ruiri kwa Riungu mfugaji. Idd ni siku ya kumi na mbili kutoka leo. Majengo nzima inaningoja mimi. Sasa karatasi mmechoma, polisi akinisimamisha barabarani nimwonyeshe nini, hiyo picha ya boss wako na kiberiti?"

"Nipe siku mbili, Baba."

Alimaanisha siku mbili kweli. Bado alikuwa mgeni ofisini.

Kosa lenyewe alilipata kabla ya chakula cha mchana. Kila programu ya aina hiyo ina faili la maelekezo, linaloiambia mashine vipande vyote vilipo ili iviunganishe. Mkandarasi aliyeitengeneza alikuwa ameazimwa laptopu ya Mkurugenzi, na kwenye mstari wa arobaini na saba akaandika kwamba vipande vyote vinapatikana C:/Gitobu/Maktaba. Ni kama mtu akufundishe kupika githeri, kisha akuambie chumvi iko jikoni kwake. Kwake githeri itaiva kila siku. Kwingine kote, mashine zilitafuta Gitobu, zikamkosa, zikakata tamaa.

Dawa ilikuwa kufuta hilo jina na kuiambia programu itafute vipande ndani ya folda yake yenyewe. Kazi ya dakika moja, ukiweka na muda wa kupiga chafya. Lakini taratibu ni taratibu, kwa hiyo Asmaa aliandika ombi rasmi akalipeleka kwa Katibu wa Mamlaka, Bwana Mwaniki. Bwana Mwaniki alianza kulisoma akiwa amesimama. Akakaa. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Umeandika unataka kufuta nani?"

"Si mtu, Bwana Katibu. Ni njia ya kufika kwa folda."

"Mimi hapa naona mtu. Na huyu mtu aliteuliwa. Wewe, na huo mkataba wako wa miezi tatu, utafuta mtu aliteuliwa?"

"Kompyuta zingine hazimjui, ndiyo sababu zinakwama."

Bwana Mwaniki aliinua kidole polepole.

"Eeh! Sasa umesema. Hazimjui. Hiyo ni utovu wa nidhamu, na itashughulikiwa."

Kamati ya Dharura ya Mstari wa Arobaini na Saba ilikaa kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, ikaandika kurasa thelathini na moja, kwenye karatasi. Ilichunguza suala kwa njia ya kisayansi. Ilibaini kwamba programu hufanya kazi kwenye mashine inayomtambua Gitobu, na hugoma kwenye mashine isiyomtambua. Basi ubovu uko kwenye hizo mashine. Kamati iliazimia kwamba jina la Mkurugenzi lisiguswe popote lilipoandikwa, na kwamba kila kompyuta na kila simu ya Mamlaka iitwe Gitobu, na kila karani aingie kazini kwa jina la Gitobu.

Asmaa aliinua mkono. 

"Jina ambalo mtu anaingia nalo ndilo linaandikwa kwa kibali. Tena kila asubuhi linaenda moja kwa moja kwa daftari la mahudhurio la Bodi ya Uhakiki wa Wafanyakazi."

Bwana Gitobu alikuwa amerejea kutoka semina Ijumaa hiyo, mwili umejaa uongozi. Alimtazama kwa huruma.

"Binti yangu, sasa shida iko wapi? Wananchi si wamelia miaka yote wanataka Mkurugenzi mashinani? Niko mashinani sasa. Niko Ruiri, niko Siakago. Mahali hakuna barabara, mimi niko."

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alipangusa macho.

Jumatatu iliyofuata kila kompyuta iliwekewa folda ya Gitobu, simu zikajengewa programu yao kutoka Meru, na vituo vyote vikawa Gitobu, isipokuwa Timau, kwa maana Linux haina hiyo Diski C inayotajwa kwenye mstari wa arobaini na saba. Asmaa alieleza hivyo kwa maandishi. Kamati ilisoma kwamba Timau hakuna Diski C, ikashtuka, ikatuma ujumbe wa watu saba.

"Muga, Asmaa," Kawira, karani wa Timau, alimsalimu kwa kunong'ona kwenye simu. "Kumekuja watu saba na makoti kubwa kubwa. Wanamulika chini ya meza na tochi. Aki, wamemwandikisha watchman statement, wanamuuliza hiyo Disk C iliibiwa akiwa shift ama akiwa ameenda chai."

Siku nne zilikuwa zimebaki kufika Idd. Jumanne asubuhi Asmaa alifanya jambo ambalo asingethubutu kumsimulia mwalimu wake wa chuo. Akipitia mtandaoni, alifungua folda tupu kwenye kompyuta za Timau, akaipa jina C pamoja na nukta zake mbili, ndani yake akaweka nyingine inayoitwa Gitobu, na ndani ya hiyo Maktaba yenye vipande vyote. Programu ikaiona njia iliyotajwa, ikapita, ikajengeka. Asmaa aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ujumbe wa watu saba uliripoti kwamba diski imepatikana kwa ushirikiano mzuri wa vyombo vya usalama na wananchi wapenda amani.

Na kazi ikaenda. Jumatano Suleiman alipata kibali cha ng'ombe wake nane pale Ruiri, chini kimeandikwa: Kimetolewa na Gitobu.

"Huyo boss wenu nilikuwa namsema vibaya bure," alimwambia bintiye. "Kumbe mtu ameketi Ruiri kwa vumbi, anatoa kibali na mkono wake. Msalimie."

Alhamisi asubuhi alifika mama mmoja mfupi aliyebeba faili mbili. Alijitambulisha kuwa Bi Sheila, mhakiki wa Bodi, akaomba maji ya moto, akaketi.

"Kila asubuhi wiki hii," alisema, "mfanyakazi anaitwa Gitobu amefika kazini saa mbili kasoro dakika mbili. Amefika Meru. Dakika hiyo hiyo amefika Ruiri na Siakago. Halafu kuna wengine wanatembeatembea na simu huko nyanjani. Nimehesabu Gitobu kumi na mmoja. Nafasi iliyoidhinishwa ni moja. Kwa hivyo mko na wafanyakazi hewa, na mpaka nijue ni nani, vibali vyote vya Gitobu vimesimamishwa."

Ng'ombe wanane wa Suleiman walikuwa tayari njiani. Walizuiliwa kwenye kizuizi cha polisi, kati ya Ruiri na mjini. Alipopiga simu safari hii hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Asmaa.

"Niko hapa na Riungu, tumekaa kwa nyasi. Ng'ombe zinakula vizuri. Wewe usisumbuke, mama. Idd zitakuja zingine."

Asmaa aligeukia birika la chai, akalia kama mtoto, akajipangusa kwa mtandio. Mstari mmoja. Mstari mmoja tu, jamani, na wangemwacha dakika moja.

Ijumaa asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama, Bwana Gitobu alijitetea.

"Mimi ndio Gitobu! Huyu hapa! Niulize kitu yoyote!"

"Bodi haiangalii sura, mzee, inaangalia kazi," alisema Bi Sheila, akafungua faili. "Gitobu wa Ruiri ametoa vibali sitini na vinne. Gitobu wa Timau, tangu Jumanne, thelathini na vinane, na vidole vimeganda kwa baridi. Gitobu wa Siakago amehesabu mbuzi wa mfugaji anaitwa Ngari mara tatu, kwa sababu walikuwa wanarukaruka, na hakukata tamaa. Hata hao wa simu wamefanya kazi nzuri. Gitobu wa makao makuu amefungua picha kumi na nne za mtu ameshika kiberiti. Vibali, sufuri."

"Nilikuwa nasimamia!"

"Unasimamia nani? Orodha yote ni wewe."

Bwana Gitobu aligeuka. Alimtazama Bwana Mwaniki. Bwana Mwaniki alikuwa anatazama dari, ambayo ghafla ilikuwa na mambo mengi ya kuangaliwa.

Uamuzi ulisomwa saa nne. Gitobu kumi walithibitishwa kuwa wafanyakazi halali wenye majina mengine, ambayo yatasahihishwa. Gitobu wa makao makuu ndiye hewa. Na kwa mujibu wa kanuni za Bodi, jina la mfanyakazi hewa litaondolewa kabla ya saa sita kwenye kila hati, kila orodha na kila faili la Mamlaka.

Bwana Mwaniki alileta barua kwa Asmaa mwenyewe, mbio mbio, wino haujakauka.

"Futa," alisema. "Na mimi kutoka mwanzo nilikuwa naona hiyo jina haikai vizuri hapo."

Asmaa alifungua mstari wa arobaini na saba. Nyuma yake alisimama Bwana Gitobu, koti mkononi, kwa sababu kiti chake kilikuwa tayari kimeandikwa kwenye orodha ya mali isiyo na mwenyewe.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ndogo, "si ungeacha tu hata ile G?"

"Pole, mzee."

Alifuta njia nzima, akaandika mpya, akabonyeza. Meru ikajenga, ikamaliza. Ruiri ikamaliza, Siakago ikamaliza, Timau nayo, bila diski na bila ujumbe wa mtu yeyote. Simu zikafuata. Karani wa Ruiri aliingia kwa jina lake la Stephen, akatoa upya kibali cha ng'ombe wanane, na kabla ya adhuhuri Suleiman alipiga simu kwa kelele, nyuma yake kwato zikisikika kwenye lami, kusema wanakuja.

Bwana Gitobu aliinama karibu na skrini, akaisoma kutoka juu mpaka chini.

"Sasa hakuna mahali inakwama?"

"Hakuna, mzee," Asmaa alimjibu kwa heshima. "Tangu utoke, hakuna."