Mababu wa Ghorofa ya Sita

Jumatatu, 7 Novemba 2005

Naanza shajara. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu za usalama. Mke wangu Safiyo ni wa Mogadishu, akapitia Uholanzi kabla ya kufika hapa Uingereza. Anasoma Kisomali na Kiholanzi. Binti yangu Iqra anaelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, na kukisoma anachoka kabla ya mstari wa pili. Kwa hiyo hapa niko peke yangu.

Shida yenyewe: Iqra amepata mchumba. Kijana anaitwa Dalmar, fundi wa lifti, mtaratibu, sina neno naye. Baba yake alifariki, kwa hiyo anayemsimamia ni ami yake, Abdiweli wa mtaa wa Ladywood. Huyo ndiye nina neno naye. Ana ndevu za hina na mababu ishirini na sita. Huwataja wote kwa pumzi moja, msikitini, kwenye foleni ya posta, hata kwa watu ambao hawakumuuliza. Ametuma habari kwamba Jumapili ya tarehe 20 watakuja rasmi kuposa, na kwamba wazee watakapokaa, kila upande utataja ulikotoka.

Mimi nina tisa.

Jumanne, 8 Novemba

Kazini. Kibanda changu kiko sokoni mjini, viatu na funguo. Nikigonga misumari majina yanakuja yenyewe: Adan, Farah, Elmi, Bare, Jimale, Nur, Digale, Kusow, Abdille. Nikiweka nyundo chini yanatawanyika. Ndivyo nilivyofundishwa. Baba alikuwa fundi wa ngozi Isiolo. Kila Ijumaa baada ya swala alinikalisha kwenye benchi mbele ya duka, akawa anagonga na kutaja. Jina moja, msumari mmoja. Kila babu alikuwa na kisa chake, na hatukumhamia mwingine mpaka kisa kimekaa. Wa sita alikuwa akichechemea. Wa nane alisinzia juu ya ngamia akaamka kambini kwa maadui. Wakamnywesha maziwa, wakamrudisha kwao akiwa bado na usingizi.

Harufu ya ile ngozi ninayo mpaka leo. Hata ule upepo wa saa nane, na chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi.

Tulifika wa tisa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jumatano baba akaugua, Jumamosi tukamzika.

Mchana alikuja mzee mmoja Mwingereza kubadilisha visigino. Nikamuuliza kwa kuzunguka: mtu akipotelewa na mababu huku kwenu, huwatafuta wapi? Akanichangamkia kama mtu aliyelingoja swali hilo miaka. Maktaba kuu, ghorofa ya sita, historia za zamani za kaunti. Yeye mwenyewe ameshafika mwaka 1340.

Hilo lilinitosha. Isiolo nayo ina kaunti kaunsil, tena ilianza enzi za Malkia. Waingereza waliandika mpaka mbuzi wetu. Hawakosi kumwandika babu wa kumi.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimefunga kibanda saa tano. Nimebandika karatasi kwamba nina dharura ya kifamilia, jambo ambalo ni kweli.

Ghorofa ya sita kuna utulivu wa msikiti siku ya kazi. Mezani alikuwa mama wa Kisikh, beji yake imeandikwa Surinder. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha heshima kwamba nataka historia ya zamani ya kaunti. Hakuniuliza kaunti ipi. Akaniletea mabuku manne mekundu, mazito kama matofali. Warwickshire, kaunti ya hapahapa.

Mwenye busara angesema samahani, nimekosea. Lakini alikuwa ameyabeba mwenyewe, na watu watatu walikuwa wakinitazama. Nikafungua la kwanza, nikaitikia kwa kichwa kama niliyekipata nilichokuja kutafuta.

Nimesoma kwa muda wa saa tatu. Shamba lilikuwa la Odo, akamwachia mwanawe Warin, Warin akamwachia Robert, Robert akamwachia Hervey, Hervey akamwachia Guy. Mmoja alimpelekea mfalme jozi ya glavu kila mwaka. Mwingine aligombana na jirani juu ya kinu cha maji mpaka wote wawili wakafa, watoto wakaendelea. Nimewapenda. Ni watu kama sisi, wa ubishi. Na nimegundua kwamba pale mwandishi asipojua, hasemi hajui. Anaandika kwamba yaaminika, kisha anasonga mbele.

Nimetoka nikiwa na furaha na bila babu hata mmoja.

Ijumaa, 11 Novemba

Wazo limenijia katikati ya hotuba msikitini. Mungu anisamehe.

Warin. Ukimlainisha kidogo, ni Warsame. Robert ni Roble. Hervey ni Hirsi. Guy, Guled. Odo ni Odowa bila kuguswa sana. Watu wamekaa kitabuni miaka mia nane, hakuna anayewaulizia, majina yao hayana kazi. Mimi nina pengo na wao wana ziada. Nikiwapanga wao na wenzao wa kitabuni baada ya Abdille, kwa kupindua mpangilio hapa na pale, napata kumi na wanane. Tisa na kumi na wanane ni ishirini na saba.

Abdiweli ana ishirini na sita.

Jumatatu, 14 Novemba

Mazoezi yanakwenda vizuri. Nimepiga soli jozi kumi na moja, nyingine hazikuhitaji.

Safiyo ananishuku. Amesema nalitaja jina la mwanamume usingizini, anaitwa Guled. Nikamwambia ni jamaa yangu wa kale. Akasema lile ambalo nilijua atalisema: kama ni mambo ya mababu, si shangazi yupo?

Shangazi Shurie ni dada yake baba, ana miaka themanini na kitu, anakaa Perry Barr. Miaka minne hatujasemezana. Siku ya Idi, mbele ya sahani na wageni, alisema Kisomali changu kina viraka. Watu wakacheka, na Abdiweli akacheka kuliko wote. Nilichukua koti. Tangu hapo Safiyo humpelekea chakula kila Ijumaa, na mimi kila nikienda kuchukua soli huko juu basi langu linapita chini ya dirisha lake. Huwa natazama upande wa pili.

Nikamwambia Safiyo shangazi amezeeka, hakumbuki kitu. Safiyo akasema wiki iliyopita alimtajia bei ya kila kitu katika harusi yetu.

Baadaye Iqra alikuja kukaa nami jikoni. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba nikikwama nisiaibike. Yeye na Dalmar hawajali mababu. Lakini alikuwa ameng'ata kucha zote kumi. Miaka miwili amemngoja huyu kijana amalize mafunzo. Nilimwambia alale, baba yake hakwami.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimerudi maktaba kuongeza visa. Babu bila kisa ni kama kiatu bila soli ya ndani. Nimechagua kile cha kinu.

Nilikuwa nikinong'ona majina kwa mpangilio, Surinder akapita na kitoroli chake. Akasimama. Akasema kwa Kiswahili safi, "Mzee, huyo Roble amefikaje Warwickshire?"

Kumbe amezaliwa Nakuru, baba yake alikuwa na karakana ya mbao. Tangu siku ya kwanza ananisikia nikijisemesha, akaona haya kuniingilia. Tulizungumza kidogo juu ya Nakuru, baridi ya asubuhi, mkate wa moto wa dukani kwao ambao anasema hajapata kuuonja tena. Kisha akaniambia taratibu kwamba hapa hakuna Isiolo. Hawa wote ni wa mashamba ya karibu, wengine wa njia ya Coventry. Akauliza, "Nyumbani hakuna mtu mzima hata mmoja wa kumuuliza?"

Nikasema hakuna. Alinitazama kama anayejua ninadanganya, akaniletea buku la tano.

Jumapili, 20 Novemba

Wageni wameondoka saa kumi na moja. Naandika yote kabla sijaanza kuyarekebisha.

Walikuja wanaume sita, Abdiweli mbele. Dalmar alikaa karibu na mlango, suti mpya, magoti pamoja. Wanawake walikuwa jikoni na mlango wazi. Baada ya chai na sambusa, Abdiweli akataja mababu zake. Ishirini na sita. Mwendo wa kawaida, sikuuzingatia. Nilikuwa nikirudia wangu kichwani. Hapo ndipo nilipokosea.

Ikaja zamu yangu. Sikuwa na nyundo, nikagonga kidole kwenye goti. Wale tisa walitoka vizuri. Nikavuka pengo bila kupumua. Abdille mwana wa Odowa, Odowa wa Warsame, Warsame wa Roble, Roble wa Hirsi, Hirsi wa Guled.

Abdiweli akainua mkono.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akageuka kwa wenzake, akawauliza kama wamesikia. Warsame, Roble, Hirsi, Guled ni wa kumi na moja mpaka wa kumi na nne wake, kwa mpangilio huohuo. Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. Akanishika bega na kuniita ndugu. Kisha ile furaha ikamtoka taratibu. Akasema dini haikatazi, lakini katika ukoo wao nyumba ya Roble haioi nyumba ya Roble. Babu yake alivunja uchumba kwa sababu hiyo, na baba yake pia. Hawa watoto, akasema, ni kaka na dada.

Dalmar alisimama, akakaa tena. Jikoni kijiko kilianguka.

Hapo ningeweza kukiri. Nilifungua mdomo nikikusudia kukiri. Badala yake nikasema Roble wetu ni mwingine. Abdiweli akauliza ni yupi. Nikasema yule aliyekuwa na kinu cha maji. Akauliza wachunga ngamia walipata wapi mto wa kuzungusha kinu. Nikasema yaaminika walikipata.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Salat, nyamaza. Kaka yangu hakuwa na jamaa mwenye kinu."

Safiyo alikuwa amemleta asubuhi, kwa teksi, kupitia mlango wa nyuma. Shangazi Shurie aliingia kwa fimbo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akakataa kiti. Akawaambia wageni kwamba baba yangu alifariki kabla hajamaliza kunifundisha, na kilichobaki nimekishona mwenyewe kama ninavyoshona kila kitu. Kisha akaanza pale tulipoachia. Abdille mwana wa Shirwa. Shirwa wa Mumin. Mumin wa Gabow. Kwa kila jina fimbo iligonga sakafu, mara moja tu. Ule mpigo niliujua. Sikuwa nimeusikia tangu Isiolo, na nilikuwa nimeamini hakuna mwingine aliyekuwa nao. Nilitazama zulia.

Abdiweli alimfuata kwa midomo, jina kwa jina, mpaka mwisho. Hakuna lililogusana na lake. Akashusha pumzi, akamwambia Dalmar amshukuru bibi. Fatiha ikasomwa. Shangazi amefika ishirini na wanne, na nilimwona Abdiweli akihesabu.

Walipokwisha kuondoka nilimsindikiza shangazi mpaka kwenye gari. Nilitaka kuomba radhi na sikujua nianze na lugha gani. Akanitangulia. "Miaka minne mimi nakaa Perry Barr na mababu zako wote," akasema, "na wewe unapita chini na basi."

Nikamuuliza kwa nini baba alichukua muda mrefu hivyo. Miaka mitatu kwa watu tisa. Akasema baba angeweza kuwamaliza kwa mwezi mmoja. Alimwambia wazi kwamba ananichelewesha makusudi, maana nikishawajua wote nitakwenda kucheza mpira kama watoto wengine, na yeye atagonga viatu peke yake siku ya Ijumaa.

Iqra alitoka akanikumbatia. Nimewasimulia habari yote ya maktaba, na nimeahidi mambo mengi jioni hii. Sitatunga tena. Kila Jumamosi nitakwenda kwa shangazi, jina moja na kisa chake, mpaka wa ishirini na nne.

Jumatano, 23 Novemba

Abdiweli amekuja kibandani. Ameleta viatu vizima kabisa, akaniomba nivitazame visigino. Nikavitazama. Hakuondoka.

Mwishowe akasema kwamba mpwa wake mwingine, dada yake Dalmar, ameposwa na watu wa Leicester. Mzee wao ni mkali. Huyo humtaka msimamizi ataje mababu wa upande wa mama yake pia. Abdiweli, upande wa mama, ana wanne.

Nikamuuliza kama hana mtu mzima wa upande huo. Akasema yuko mama yake mdogo huko Sheffield, kumbukumbu yake kali kama wembe, lakini hawajasemezana tangu mwaka 1998. Mambo ya harusini. Nikamwambia naelewa, na nilielewa kweli.

Akachukua kiatu kimoja, akakigeuza, akasema habari ya maktaba ameisikia kwa Dalmar, akaniuliza bila kuniangalia ni ghorofa ya ngapi.

Nilimfikiria shangazi. Nilimfikiria kama dakika nzima. Kisha nikamwambia ya sita, tukutane mlangoni Jumatatu saa nne, aje na penseli maana kalamu za wino wanazikataa. Warwickshire tusiiguse tena, imeshatuletea balaa. Tutaanzia Staffordshire. Nimeichungulia, kuna mmoja anaitwa Fulk, na nina hakika kabisa anaweza kuwa Farole.