Ishirini na Watatu wa Kikula

Jumatatu, 10 Februari

...na anapiga chafya kama malaika, hilo nilisahau kuliandika jana. Wiki tano za ndoa! Magloire wangu! Kasoro moja tu: kati ya kitanda chetu na kitanda cha mama yake kuna pazia. Tukicheka, Mama Germaine anakohoa. Tukinyamaza, anauliza kama tunaumwa. Nataka nyumba yetu. Magloire anasema mama hatakubali. Tutaona.

Jumanne, 11 Februari

Magloire amepewa kazi kubwa hospitalini: kunakili rejista ya wote waliopasuliwa uvimbe wa ubongo kwa miaka kumi. Umri, jinsia, makazi. Daktari Édouard anataka kujua ugonjwa huu unawapata watu gani na wa wapi. Nilimsaidia kuhesabu, bega kwa bega. Mahaba matupu! Wagonjwa arobaini na mmoja. Wa Kikula: ishirini na watatu! Kikula ni hapa hapa! Magloire alikunja uso, akasema hesabu hiyo haimwingii akilini, kwanza azipigie simu familia. Mimi iliniingia vizuri sana.

Jumatano, 12 Februari

Mezani nilitangaza, kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwamba Kikula inaotesha uvimbe vichwani. Mume kijana asilale hapa hata wiki moja zaidi. Mama Germaine alibaki na tonge la bukari hewani. Kisha akasema, « Basi ni ile! Kichwa yangu iko inaniuma tangu Noeli! »

Hilo sikulipanga.

Alhamisi, 13 Februari

Ushindi mtupu. Mama mkwe amejifunga kitambaa kichwani na kuhamia kitandani kwetu, kwa kuwa upande wetu una dirisha. Jirani Reine naye anaumwa kichwa. Mume wake pia. Avenyu nzima imeshika vichwa. Dada watatu wa mama wamefika kutoka Tshangalele, huko ziwani, kumuuguza, na kapu la samaki wakavu. Mimi nalala jikoni na samaki. Magloire analala kitini. Mzuri hata akiwa amekunjwa mara tatu!

Jumamosi, 15 Februari

Simu zimekwisha. Karibu wote si wa Kikula! Mgonjwa akitoka mbali, karani humwuliza anakaa wapi, naye hutaja nyumba ya ndugu alikolala. Inaandikwa: Kikula. Na tisa kati yao wana avenyu moja, nambari moja ya nyumba. Nambari yetu! Miaka kumi Mama Germaine amewapokea wagonjwa wa ziwani, akawapikia uji, akawasindikiza asubuhi ya kupasuliwa. Chanzo cha ugonjwa nilichokigundua ni ukarimu wake.

Mmoja wao, mvuvi Athanase, alikuja leo na kovu lake, amesikia mama anaumwa. Akamwambia, « Mama, weye ulininyoa kichwa mbele ya operasyon. Leo miye nitanyoa yako. » Mama alicheka mpaka kitambaa kikaanguka. Amepona.

Magloire hakucheka. Alisema angempa daktari hesabu yangu, leo hangekuwa na kazi. Nililia. Alinifuta machozi kwa shati lake mwenyewe. Shati la kazini!

Mama mkwe aliniita pembeni. « Mukwe, ukitaka nyumba, omba nyumba. Usiniue. »

Jumatatu, 17 Februari

Jedwali jipya, safi. Tshangalele inaongoza. Kikula, wanne tu. Lakini nimeona jambo ambalo hakuna aliyeliona: Kakontwe, sifuri! Machimbo yote yale ya mawe, vumbi lote lile, na hakuna hata kichwa kimoja! Magloire alinieleza taratibu kwamba sifuri maana yake hakuna aliyefika kupasuliwa. Wavunja mawe wakiumwa kichwa humeza kidonge na kurudi kazini. Ana sauti tamu sana anapoeleza. Niliisikiliza sauti tu.

Eti niombe nyumba! Mwenye jedwali haombi. Kesho mezani nitamweleza mama mkwe kuhusu Kakontwe, mahali pekee salama kwa kichwa cha mwanawe. Mwenye nyumba mmoja wa huko, Floribert, ana vyumba viwili vya kupangisha, na katikati yake mlango. Mlango! Nimeshamwandikia: kabla mwezi haujaisha, nitakuja kuviona.