Kambi ya Wiki Moja Bwigoza

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Nimepata kazi! Si kazi, kampuni. Jashvant wa Shinyanga, yule mwenye duka la vipuri, ambaye tulifahamiana enzi nikiwa karani wa mizani ya pamba kabla chama cha ushirika hakijatupunguza, kanitumia salamu kwa utingo wa basi. Mwanawe Umesh karudi kutoka Uingereza na mke mpya, Anjali. Wanataka kulala wiki nzima kwenye kisiwa kisicho na watu. Kwenye mahema. Kwa raha zao! Nilimwambia utingo arudie, akarudia vilevile.

Jashvant anauliza kama naweza kupanga. Mimi na kupanga! Nimejiteua Mkurugenzi.

Kisiwa nimeshachagua: Bwigoza. Haishi mtu. Mamba wapo, viboko wapo, kenge na mbu wa kumwaga. Wageni watafurahi.

Chombo ni mtumbwi wa Magesa, wenye injini. Magesa ni kaka wa mke wangu. Nyumba tunayoishi hapa Nyakasenge ni yake, ugali tunaokula ni wake, na hajawahi kulalamika. Ila akinitaja kwa watu husema "huyu wa dada." Hata shemeji haniiti. Mtumbwi kaukubali kwa kutikisa kichwa tu.

Zipora, mke wangu, kanivuta nyuma ya jiko. Kasema: Baba Limi, kule Isaka ulipika wali wa madereva ukachacha, nikanyamaza. Kuku wakafa kwa kideri, nikanyamaza. Lakini kaka yangu ndiye anayetulisha. Safari hii akidhurika kwa ajili yako, mimi na mtoto tunarudi kwetu Samuye, na usitufuate.

Nikamuuliza, dhara gani litoke kwa watu wanaolala kwenye mahema? Akarudi jikoni. Wanawake hawana imani na biashara.

Jumanne, 10 Agosti

Siri! Siri ndiyo kila kitu, kwa sababu ya Marselino. Huyu ni dalali wa dhahabu, ana pikipiki, ana saa ya kung'aa, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa mambo mengine yote. Nilipoanza kuwauzia wachimbaji maji baridi ya mtungini, yeye akaleta jokofu la mafuta ya taa. Wazo langu! Safari hii haambulii kitu.

Nimekwenda Geita na lori la dagaa. Nimechukua mahitaji dukani kwa Rubab, Mama Taufiq, kwa jina la Jashvant. Sururu na mabeleshi ya kuchimbia choo cha wageni. Makarai ya kuogea. Kamba, turubai, tochi. Chekeche la waya, maana Umesh ameagiza kwamba Anjali hapendi kokoto kwenye mchanga atakaolalia. Mama Taufiq kavitazama vitu, kanitazama mimi. Kauliza navipeleka wapi. Nikageuka nyuma kuhakikisha, nikamnong'oneza: kupiga kambi, kisiwani, pamoja na Wahindi wa Shinyanga, na tafadhali asimwambie mtu. Akaapa. Mama mwaminifu sana yule.

Kulikuwa na vijana wawili wanachagua misumari. Wakaacha misumari juu ya kaunta, wakatoka. Watu hawana subira siku hizi.

Jumatano, 11 Agosti

Tumevuka na Magesa kwenda kukagua Bwigoza. Jua limeniunguza shingo, na kiboko katutokea karibu nikajikuta nimemkumbatia Magesa. Mashariki ni matete matupu. Magharibi kuna mchanga safi, na nyuma yake kilima cha udongo mwekundu. Hapo ndipo mahema yatakapokaa.

Jioni tulikuwa mgahawani. Magesa kaniuliza mbele ya watu kama nimeridhika. Nikajibu kwa sauti ya kikurugenzi kwamba mwalo wa magharibi ni mzuri ajabu, sijawahi kuona mwalo wa namna ile maishani. Mgahawa mzima ukanigeukia! Hata mpika chapati aligeuka. Marselino alikuwa mezani kwake, akaacha chai nusu kikombe, akatoka akiwa na haraka.

Wivu mtupu.

Alhamisi, 12 Agosti

Siku nzuri kuliko zote tangu nipunguzwe kazi.

Marselino kanipa shikamoo. Mimi! Nikaitikia marahaba taratibu, isije ikaisha mapema. Kaniuliza kama kambi itahitaji watu. Nikasema watu wangu ninao tayari, ni Wahindi. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema Wahindi hawakosei. Sikumwelewa, lakini nikakubali kwamba hawakosei.

Nimenunuliwa bia na watu nisiowajua. Nimepishwa kiti. Na kwenye chakula cha jioni Magesa kanisogezea bakuli. Kasema, "Shemeji, mnofu huo chukua wewe."

Shemeji! Kwa mdomo wake! Zipora alisimama na mwiko mkononi. Mimi nilitaka kulia, nikasingizia pilipili.

Ijumaa, 13 Agosti

Zipora ndiye aliyegundua. Alikwenda kuchota maji ziwani, wanawake wakamuuliza lini anajengewa nyumba ya bati, na je, ataendelea kuwasalimia akishatajirika. Karudi na ndoo tupu.

Kanieleza polepole, kama anavyomweleza Limi. Kwetu sisi wa ziwani, mwalo ni pale mitumbwi inapotua. Kwa wachimbaji, mwalo ni pale wanapooshea mchanga wapate dhahabu. Kasema, "Mayu, mama yangu! Mtu anachukua sururu, makarai na chekeche, ananong'ona dukani, ana Wahindi nyuma yake, halafu anasimama mbele ya wachimbaji anasifu mwalo. Ulitaka wafikirie nini? Geita nzima hii nani umewahi kumsikia akalale porini kwa raha?"

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Zipora hakucheka. Kasema nitoke muda huohuo nikawaambie watu ukweli, na kabla ya watu nimwambie kaka yake.

Nimekwenda mgahawani. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini Marselino aliinuka akanifutia kiti kwa leso yake, ile ya mfukoni, nyeupe. Nikafikiri, ya nini haraka? Acha aende Bwigoza akachimbue mizizi, arudi kuchekwa na mwalo mzima. Basi nikamwinamia nikamwambia kwamba kile kilima chekundu kina mambo yake. Hayo tu. Sikusema mambo gani.

Kwa Magesa nilijaribu. Haki ya Mungu nilijaribu. Nilimkuta anashona nyavu. Nikamwambia, shemeji, kule hakuna kitu. Akatabasamu, akasema anaelewa, mambo kama yale hayasemwi ovyo, hata kwa ndugu. Hapo ndipo nilipotakiwa nimshike mabega nirudie. Lakini akasogea kwenye gogo, akanipangusia vumbi kwa mkono nikae karibu naye, akaniita shemeji tena. Sijawahi kukaa kwenye gogo lile. Nikatabasamu na mimi.

Zipora kauliza kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia. Si uongo.

Jumamosi, 14 Agosti

Wameondoka! Tangu alfajiri mitumbwi inajaa watu, magodoro, masufuria, mbuzi hai. Marselino alikuwa wa kwanza, kavaa buti mpya. Nilijificha nyuma ya chanja za dagaa nikicheka peke yangu.

Nilipotoka, mtumbwi wa Magesa haukuwepo. Nikadhani anabeba abiria, jambo zuri tu kwake. Zipora kauliza sururu za wageni ziko wapi. Nikaenda kwenye ghala. Hakuna sururu, hakuna beleshi, hakuna turubai. Kachukua kila kitu!

Nilikasirika sana. Angeomba ruhusa, mimi ni Mkurugenzi.

Zipora alikaa chini palepale kwenye vumbi. Kasema kaka yake hajawahi kuchimba hata shimo la taka, maisha yake yote ni maji, nimfuate nimrudishe. Nikakimbilia ufukweni. Kila mtumbwi ulikuwa umejaa na unaondoka. Niliingia majini mpaka magotini nikipunga mikono na kupiga kelele kwamba hakuna dhahabu. Wakanipungia na wao. Walidhani nawaaga.

Wa mwisho alinijibu kwamba hata yeye angesema hivyohivyo.

Jumapili, 15 Agosti

Umesh na Anjali wamefika na gari. Mahema ya rangi ya machungwa, viti vya kukunja, kofia kubwa. Nikawaambia kuna ucheleweshaji mdogo wa kiufundi. Anjali akauliza kwa upole kama kisiwa kina utulivu. Moshi wa majiko ulikuwa unaonekana kutoka tulipo. Nikasema ni ukungu. Akasema ukungu mchana? Nikasema ziwa letu lina tabia zake.

Baada ya chakula mtumbwi wa Magesa ulirudi. Aliyeuendesha ni Marselino. Magesa alikuwa ndani, chini ya turubai la kambi.

Shimo lilimfukia. Kwenye kilima chekundu. Alichimba peke yake, kando na wengine, kwa kuwa aliamini yeye ndiye aliyepewa siri. Hakuweka magogo ya kuzuia kuta, nani angemfundisha? Marselino alisikia udongo ukishuka, akaita watu, wakamfukua kwa mikono. Kucha za Marselino zilikuwa zinatoka damu na alikuwa analia kwa sauti. Nilimtafutia kosa, sikuliona.

Zipora hakupiga yowe. Alipanda mtumbwini, akamfuta kaka yake mchanga machoni kwa ncha ya kanga, akamfuta na masikioni. Halafu kaniuliza mbele ya watu wote, "Ulimwambia?"

Nilisema nilimwambia. Akauliza, "Ulimwambia?"

Nimelia. Naandika hapa na bado nalia. Alikuwa mtu mwema. Alitulisha miaka yote bila kutuhesabia matonge.

Umesh alikuja akanishika mkono akasema pole sana, kisha akashusha mahema na viti ili gari limchukue marehemu mpaka Samuye. Anjali alimpa Zipora nafasi yake ya mbele. Mimi nilikaa nyuma na Magesa.

Jumatano, 18 Agosti

Samuye. Tumemzika. Baba mkwe hakunipa mkono. Nilishika beleshi nisaidie kufukia, mtu akaninyang'anya kwa upole, kisha hakuna aliyenitazama tena.

Kabla jua halijazama Zipora kanitolea begi langu nje ya ua wa kwao. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri. Nikamwambia Mama Limi, nisikilize. Kasema, "Bartholomeo, nenda." Sikumbuki kama amewahi kuniita kwa jina. Limi alikuwa amelala, hawakumwamsha.

Jumamosi, 21 Agosti

Nyakasenge tena, peke yangu. Nimeamua kuwa mtu mpya. Nimeamua kusema kweli.

Nilipanda juu ya benchi mgahawani. Nikasema Bwigoza hakuna dhahabu na haijawahi kuwepo. Nikasema mwalo niliousifu ni wa mitumbwi, sururu zilikuwa za choo, na wageni walitaka kulala tu. Nilieleza yote, hata habari ya chekeche na Anjali. Sijawahi kusema vizuri namna ile. Sauti ilikatika mahali pa kumtaja Magesa.

Watu walinisikiliza kwa huzuni. Halafu mchimbaji mmoja wa makamo akanisaidia kushuka, akasema taratibu kwamba wanaelewa. Mtu aliyemtoa shemeji yake hawezi kusema wazi.

Sikumwelewa. Mpika chapati akanifafanulia. Wanasema Magesa alikuwa kafara. Wanasema nimemtoa mimi, kwa makubaliano na Wahindi, na kwamba kilima kikishapokea mtu hakikawii kutoa mali. Niliapa kwa majina yote matakatifu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kusogeza viti mbali nami, na jioni mitumbwi mingine ikaondoka, imejaa kuliko ile ya kwanza.

Marselino hakwenda. Kauza buti. Nimempita njiani, hakunisalimia wala hakunitukana.

Jumatatu, 23 Agosti

Sijala vizuri tangu Samuye. Nyumba ya Magesa ni kubwa kwa mtu mmoja. Nyavu zake bado zimetundikwa.

Nimekaa nikawaza. Kule Bwigoza sasa kuna watu wengi kuliko hapa. Si watoto wale. Ni wachimbaji wazoefu, wametoka mpaka machimbo ya Songwa, wanaijua ardhi. Wangekaa pale wakila vumbi bure? Haiingii akilini. Na kile kilima, ukifikiria sana, kilikuwa kinameremeta kidogo upande wa jua. Nilikiona kwa macho yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilidhani ni mawe tu, lakini mimi ni mtu wa pamba, mawe nayajulia wapi? Magesa hakuwa mjinga. Alichagua pale kwa sababu.

Leo nimeuliza mwaloni. Shimo lake halijaguswa, watu wanaliogopa kidogo. Duara, wenyewe wanavyoliita. Kwa taratibu za wachimbaji, duara la marehemu ni la ndugu zake. Wa Samuye hawawezi kuja, wako matangani. Nimebaki mimi. Na udugu wetu hakuna wa kuupinga, mwenyewe aliniita shemeji, watu walisikia.

Nakwenda kesho kulishika kabla hajatokea mjanja.